"Kama nilivyoipokea" si kinga

Kila kundi la WhatsApp la ukoo lina mtu wake wa "kama nilivyoipokea". Alfajiri watu hawajatoka msikitini, yeye ameshatuma: mafuta yanapanda bei usiku wa leo, benki fulani inafilisika, maji ya limau yanayeyusha mawe ya figo. Ukimuuliza kayatoa wapi, anashangaa. Yeye kaleta tu, sasa kosa lake nini?

Kuleta tu hakupo. Kidole ni chake, kundi kalichagua mwenyewe, na watu wameusoma ujumbe kwa sababu umetoka kwake. Shangazi hauamini ujumbe usio na mwenyewe. Anamwamini mpwa wake aliyesoma, na uongo unapita kwa mgongo wa imani hiyo.

Aprili 2020, korona imepamba moto, WhatsApp waliweka kikwazo kidogo mno. Ujumbe uliokwisha pita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, ukawa unatumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Haukufutwa wala kufungiwa. Mwenye makundi kumi alitakiwa arudie mara kumi, basi. Muda si mrefu kampuni ikatangaza kwamba usambazaji wa jumbe za namna hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Huikumbuka hesabu hiyo kila nikisikia mtu anadai alitaka kuwaokoa ndugu zake. Ndugu wako hatarini, na yeye kachoka kubonyeza mara ya pili?

Bei ya mafuta ni jambo dogo. Kinachoniuma ni misiba. Kwetu habari ya kifo ina adabu yake. Mzee akifariki kijijini, mtoto aliye Dar haambiwi hivi hivi kwenye simu. Anaambiwa, "Mzee hali yake si nzuri, jitahidi ufike," na huku jirani au shemeji keshadokezwa amfuate, amkalishe, asimwache peke yake. Hata wa kumpasha habari huchaguliwa, mtu anayejua pa kuanzia na pa kunyamaza. Leo basi likipinduka, kabla majeruhi hawajafika hospitali picha ya marehemu imeshazagaa, na chini yake maandishi: "Anayemfahamu ndugu huyu awajulishe jamaa zake." Mkewe anaweza kuwa ndani ya kundi hilohilo. Najua hakuna aliyekusudia kumuumiza. Lakini kila aliyeisukuma picha ile alijifanya mjumbe wa msiba, na ujumbe wa msiba una kazi zake ambazo hakuzifanya.

Sheria zipo. Tanzania tuna ya makosa ya mtandao ya 2015, Kenya wana yao ya 2018. Mimi sizitegemei kwa hili. Polisi hawakai kwenye kundi la ukoo, na sheria za aina hii huwa na haraka zaidi ya kumfikia mkosoaji kuliko muongo. Na sisi Waislamu wa pwani hatukuwa na haja ya kusubiri bunge. Sura ya Hujurat, aya ya 6, inaamrisha habari ya mtu asiyeaminika ichunguzwe kwanza, watu wasije wakadhuriwa kwa ujinga. Tunaisoma vizuri sana, kisha tunashika simu.

Kazi ipo kwa wakubwa. Baba mdogo katuma uongo. Ukimjibu palepale mbele ya wakwe na watoto, umemvunjia heshima, na atakutandika nyingine tatu kwa hasira. Mfuate pembeni: "Shikamoo baba mdogo. Ile ya benki nimewapigia wenyewe, wamesema si kweli. Naomba uitoe kabla watu hawajaenda kupanga foleni." Wengi huitoa kimyakimya. Asipoitoa, andika ukweli kundini bila kumtaja jina.

Wamebaki wajanja wa "jamani, hii ni kweli?" Wao wanajihesabu wako salama kwa sababu wameuliza. Wanabandika uongo wote, picha na sauti, halafu alama ya kuuliza mwishoni, kwa watu mia mbili ambao hawajui lolote. Aliyetaka jibu kuhusu dawa ya figo angemuuliza muuguzi. Tena muuguzi yumo humohumo kundini, ni dada yake.