Mbuzi Aliyekula Mlango

Chumvi niliitia kwenye kuta za modeli yangu ya nyumba kwa sababu ya ukungu. Nalisema mapema, maana mtaani kwetu Likoni hadithi hii inasimuliwa kana kwamba nilikaa jikoni nikampikia mbuzi chakula. Anayeijua Mombasa anajua: kitu chochote cha gundi ya unga wa ngano huota manyoya ya kijani kabla hakijakauka vizuri. Chumvi huzuia. Basi nikaloweka trei za mayai, nikazisaga, nikachanganya na uji mzito wa unga na chumvi isiyo haba, nikapaka kwenye kuta za katoni. Ulipokauka, ukuta ukawa na vile vibonde na mikunjo ya chokaa ya nyumba za Mji wa Kale, hadi mamangu akapitisha kidole akasema, "Huu mbona kama wa kwa marehemu bibi?"

Nasomea usanifu wa ndani. Nyumbani wanasema nasomea mapazia. Nimeshachoka kuwasahihisha.

Kazi ya muhula ilikuwa hivi: chukua nyumba ya mawe ya kale, ipange upya ili mtu wa leo akae kwa raha, kisha itengenezee modeli kwa kipimo cha 1:20, yaani kila mita moja iwe sentimita tano. Nikaenda Kibokoni, huko Mji wa Kale, kwa khalati yangu, dadake mamangu, na tepu, kupima. Mpaka hapo nilikuwa hodari wa kuchora kwenye kompyuta, ambako ukuta unausogeza upendavyo. Kwa khalati nikakuta aliyeamua upana wa chumba ni mkoko, mti wa boriti za dari. Boriti ikipita kama mita tatu hivi inaanza kulegea chini ya uzito wa mawe na chokaa ya dari, kwa hiyo vyumba vya kale ni vyembamba na virefu, na hakuna kubishana. Nilipomwambia khalati nataka kukipanua chumba chake, aliniuliza kama nimekuja na boriti zangu.

Boriti nikazifanya kwa vijiti vya mishikaki. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikavikata kwa wembe kimoja kimoja mpaka macho yakaniuma. Mlango wa mbele, wa nakshi, nikauchonga kwa vijiti vya aiskrimu, mbao mbili na mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana, na huo ndio niliouonea fahari kuliko vyote. Kwenye kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, nikapanda matawi mabichi ya mrehani na asumini, kwani mwalimu wetu husema nyumba isiyo na harufu ni picha tu. Halafu kwa upande wangu nikaongeza kitu cha kisasa: jiko la wazi, limetazamana na sebule, na viti virefu vya kunywea kahawa.

Asubuhi ya kuwasilisha nikapanda feri na modeli yangu juu ya ubao wa plaiwudi. Dari sikuiweka, ili walimu waone ndani. Idd ya kuchinja ilikuwa inakaribia, na feri ilikuwa imejaa watu, mikokoteni, na mbuzi. Kijana mmoja akanipisha kwenye benchi, nikaketi na nyumba mapajani.

Sasa, watu wa feri si watu wa kukaa kimya mbele ya nyumba isiyo na dari.

"Hiyi nyumba ya nani?" akauliza mama mmoja wa buibui, kikapu cha samaki miguuni.

"Ya mtihani, mamangu."

Akainama. Akatazama muda mrefu, kama mtu anayekuja kupanga. "Na hapa ni wapi?"

"Jiko."

"Jiko? Mbele ya wageni?" Akamgeukia mwenzake. "Njoo uone. Mgeni akiketi hapa anayahesabu masufuria."

Mwenzake akaja. Akaja na mzee wa kofia, na muuza mahamri aliyeweka beseni lake chini kabisa ili apate nafasi ya kuonesha kwa mikono miwili. Mzee alitaka kujua mgeni wa kiume atakomea wapi. Nikamwonesha daka, ule ukumbi wa mlangoni, na baraza zake za mawe. Akaridhika, kisha akauliza mbona kutoka dakani hadi ndani kuna uwazi mmoja tu, binti wa nyumba apite wapi akitoka kuoga? Mama wa samaki akauliza birika, lile tangi la maji, lilipo. Nikamwonesha. Akauliza, "Na samaki wake?" Maana zamani birika huwekwa visamaki, vikala viluwiluwi vya mbu. Samaki sikuwa nao. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, huku kikapu chake kimejaa.

Kwa mwaka mzima darasani sijawahi kuulizwa maswali mazito namna ile. Kule huulizwa "rangi hii inazungumza nini?"

Ubishi wa jiko ukapamba moto. Muuza mahamri yeye aliliunga mkono, kwa hoja kwamba mpishi naye anataka kusikia habari. Mama wa samaki akamwambia habari zinasikika vizuri zaidi nyuma ya ukuta. Watu wakacheka, mimi nikacheka, na mwenye mbuzi aliyesimama kuliani kwangu akacheka hata kamba ikamlegea mkononi.

Mbuzi akaanzia kwenye kiwanda. Asumini na mrehani vikaondoka kwa mkupuo mmoja. Nilipogeuka alikuwa ameshagundua ukuta, na ukuta ule, kama nilivyosema, ulikuwa na chumvi. Ulimi wa mbuzi ni msasa. Zidaka za chumba cha ndani zikafutika moja baada ya nyingine huku nikimvuta pembe, mama wa samaki akimpiga kwa pepeo, na mwenyewe akivuta kamba. Tulipofaulu kumng'oa, aliondoka na mlango wa nakshi mdomoni. Akatutazama. Akatafuna. Akameza.

Nilidhani mwenye mbuzi ataniomba radhi.

"Umemlisha nini mbuzi wangu?" akafoka. "Huyu ni wa Idd!"

Nikamtajia: unga wa ngano, trei za mayai, chumvi, katoni, mrehani, asumini, vijiti vya aiskrimu, gundi nyeupe ya mbao kidogo. Sijawahi kuitaja orodha ya vifaa vyangu kwa ufasaha ule. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia watu: "Jamani, mbuzi mwenye mlango tumboni anafaa kuchinjwa?"

Jiko likasahaulika. Macho yote kwa mzee wa kofia. Akakohoa, akavihesabu vidoleni. "Wasiofaa ni chongo, na mgonjwa, na kiwete, na aliyekonda akabaki mifupa." Akafikiri. "Mlango haumo."

"Lakini akiugua kwa sababu ya mlango?"

"Hapo ataingia kwa mgonjwa."

Feri ikagusa ng'ambo, umati ukafumuka. Mwenye mbuzi akachukua namba yangu ya simu, akasema anampeleka Majengo kwa shemeji yake na atamchunguza huko, na lolote litakalotokea mimi na yeye tunajuana.

Ndani ya tuktuk nikajaribu kuokoa kinachookoka. Ukuta uliolambwa haukushika tena. Nikaung'oa wote, nikaukata ukabaki nusu, nikauchomeka baina ya jiko na sebule. Viti virefu nikavitia mfukoni. Dereva akageuka kwenye taa, akatazama, akasema, "Afadhali. Jiko lilikuwa nje nje."

Walimu walikuwa watatu. Nikaeleza mkoko na upana wa vyumba, nikaeleza daka, nikaeleza kwa nini mgeni hafai kuyahesabu masufuria. Mmoja wao, bibi wa makamo ambaye kwa kawaida husinzia, akasema "Ee!" kwa sauti. Nikaahidi visamaki kwenye birika. Kuhusu kiwanda kilichobaki na vishina vitupu nikasema ni kiangazi, na kukapita.

Kisha mwalimu mkuu wa jopo akaizungushia modeli macho mara ya pili. "Nimeona kila kitu. Mlango wa mbele uko wapi?"

Simu ikalia. Namba ngeni. Ningeikata, lakini kwa kihoro kidole kikagusa spika.

"Wewe binti wa nyumba?" Nyuma yake mbuzi analia, na watoto wanashangilia. "Alilala akaanza kucheua. Ametema mlango. Ubao mmoja mzima, wa pili umepinda kidogo, lakini maua yake yanaonekana."

Chumba kizima kimya. Mwalimu akavua miwani.

"Mwambie aulete kabla ya saa kumi," akasema. "Mlango una alama zake."

Kwenye simu kule kukawa na kunong'onezana, kisha mwenye mbuzi akarudi. "Tumesikia. Lakini nauli ya tuktuk juu yako, na mbuzi sitamwacha peke yake, kwa hiyo ni ya watu wawili."