Walimu Wawili, Darasa Moja: Je, Gharama Inalipa?

Mtu mzima anayeingia chuo cha jamii Marekani (chuo cha umma cha kozi fupi na za ufundi) huku Kiingereza chake au hesabu zake zikiwa na pengo, kwa desturi huambiwa amalize kwanza madarasa ya maandalizi, ufundi aje kuusoma baadaye. Kwa wengi baadaye hiyo haifiki. Ripoti iliyotoka jimbo la Washington mwaka 2005, baada ya kuwafuatilia wanafunzi kwa miaka mitano, ilionyesha kuwa kati ya walioanzia madarasa ya Kiingereza, ni asilimia 13 tu waliopata krediti yoyote ya chuo, yaani kipimo cha kozi zinazohesabiwa kuelekea cheti.

Vyuo 10 vya jimbo hilo vilikuwa vimeshaanza, mwaka 2004, kujaribu mpango uitwao I-BEST. Mwanafunzi anaingia moja kwa moja kwenye kozi ya ufundi, na darasani kuna walimu wawili: wa fani, na wa lugha na hesabu. Masharti yanataka wawe pamoja darasani angalau nusu ya muda wa kozi.

Faida yake inaonekana kwenye kazi ndogo ndogo. Katika kozi ya wasaidizi wa wauguzi, mgonjwa amekunywa robo tatu ya kikombe cha aunsi 8. Mwanafunzi anapata aunsi 6, ambayo ni sahihi, kisha anaandika "6" kwenye fomu inayodai mililita. Jibu linalotakiwa ni 180, kwa kuwa aunsi moja huhesabiwa mililita 30. Kwenye uchomeleaji, kujumlisha inchi 3/8 na 5/16 kunamlazimu atafute kwanza asili inayofanana: 6/16 na 5/16, jumla 11/16. Makosa haya yangemsubiri kwenye mtihani wa darasa la maandalizi. Hapa mwalimu wa hesabu anayakuta palepale, chuma kikiwa bado hakijakatwa.

Tatizo ni kwamba mpango huu huharibika kirahisi. Kosa la kawaida ni mwalimu wa lugha kugeuzwa msaidizi: anakaa nyuma, anagawa karatasi, anawanong'oneza wanaokwama. Chanzo chake mara nyingi ni ratiba. Walimu wengi wa madarasa ya maandalizi hulipwa kwa saa, na chuo kisipowalipa saa za kupanga somo, wawili hawa hukutana mlangoni tu. Wanatakiwa waketi kabla ya muhula, wapitie kitabu cha fani sura kwa sura, waweke alama palipo na msamiati mgumu au hesabu iliyofichika, na wakubaliane nani anafundisha nini na nani anasahihisha nini. Bila kikao hicho, mshahara wa pili unalipwa bure.

Na mshahara huo si mdogo. Jimbo hukubali kukilipa chuo mara 1.75 ya kiwango cha kawaida kwa kila mwanafunzi wa I-BEST. Je, kinachopatikana kinatosha? Tathmini iliyotolewa mwaka 2018, iliyowagawa waombaji kwa bahati nasibu katika vyuo vitatu, ilikuta kwamba baada ya miaka miwili waliojiunga walikuwa na krediti na vyeti zaidi ya wenzao. Kwenye kipato, tofauti haikuonekana.

Matokeo hayo hayatoshi kuufuta mpango, kwa maoni yetu, ila yanaonyesha unapopwaya. Cheti cha msaidizi wa muuguzi ni kifupi, na kazi yake hulipa kidogo. Ripoti ile ya 2005 iliona tofauti ya maana ya kipato kwa waliofikisha krediti za mwaka mzima pamoja na cheti. Kwa hiyo chuo kinachomwacha mwanafunzi kwenye cheti cha muhula mmoja kimelipa gharama yote na kusimama nusu ya safari. Krediti zake zinapaswa kuhesabiwa kwenye cheti kinachofuata, na hatua hiyo aijue tangu siku ya kujiandikisha.

Wapo pia wanaobaki nje. Asiyefikia alama za jaribio la kuingilia hurudishwa kwenye darasa lilelile la maandalizi. Asiye na cheti cha sekondari alifungiwa msaada wa ada wa serikali kuu kuanzia Julai 2012. Mlango ulifunguliwa tena kwa sehemu mwishoni mwa 2014, kwa walio kwenye programu za kuelekea ajira tu. Fundi hodari anaweza kukosa darasa kwa sababu ya karatasi hiyo moja, hata kama chuo kina walimu wawili wanaomngoja.