Kijiko Kikigonga Ukuta wa Kale

Kijiko kinachimba msingi katikati ya mji. Kwenye kina cha mita mbili au tatu kinaibuka na vigae vya vyungu, kipande cha ukuta, pengine fuvu. Mkandarasi anahesabu siku ambazo mashine za kukodi zitakaa bure huku riba ya benki ikipanda. Mwanaakiolojia anahesabu tabaka za udongo ambazo zikishazolewa hazisomeki tena. Madai ya wote wawili ni ya kweli, ndiyo maana mabishano huwa makali.

Tusimdharau mjenzi. Mji ni wa wanaoishi humo leo, na kibarua anayelipwa kwa siku hapati kitu eneo likifungwa. Metro ya Thessaloniki, Ugiriki, ilianza kujengwa 2006 ikafunguliwa Novemba 2024. Ugomvi wa mikataba na uhaba wa fedha ulichangia, lakini malikale yaliyofukuliwa humo, vitu zaidi ya 300,000, yalikuwa na sehemu yake.

Hata hivyo, hasara nyingi inayobebeshwa malikale kwa kweli inatokana na kuchelewa kujua. Mwaka 1991, kwenye eneo la jengo la serikali kuu la Marekani huko New York, yalikutwa makaburi ya Waafrika wa enzi ya utumwa. Ramani za karne ya 18 zilikuwa zimeyaonyesha. Waliopanga ujenzi walidhani vyumba vya chini vya majengo yaliyotangulia vilishayamaliza. Hawakuzingatia kwamba eneo lile lilikuwa bonde lililofukiwa kwa kifusi, na makaburi yakabaki salama, mengine mita saba chini ya barabara. Yalifukuliwa mabaki ya watu zaidi ya 400. Wazao walipinga kwa nguvu, uchimbaji ukasimamishwa 1992 na sehemu moja ya jengo ikafutwa kabisa. Mabaki yalizikwa upya 2003. Mifupa ya watu ina wenyewe, nao walistahili kuulizwa kabla ya mashine kuwashwa.

Kwa hiyo kazi ianze kabla msanifu hajamaliza michoro. Kwanza ramani za zamani, pamoja na kumbukumbu za mashimo ambayo wahandisi walitoboa kupima udongo. Rada ya ardhini, inayotuma mawimbi chini bila kuchimba, husaidia kwenye uwanja mtupu, lakini mjini huchanganywa na mabomba, vyuma na kifusi, hivyo jibu la kutegemewa hutoka kwenye mitaro ya majaribio. Kijiko kifungwe ndoo isiyo na meno, kirudi nyuma kikikwangua sentimita tano hadi kumi kwa mkupuo, na mtu mmoja asimame akitazama udongo tu. Ukibadilika rangi, mashine inasimama na miko ya waashi inachukua nafasi. Kila tabaka hupewa namba, hupigwa picha na kuchorwa, udongo wake ukapitishwa kwenye chekeche. Kigae kisichojulikana kilitoka tabaka gani kimepoteza karibu maana yake yote.

Kikishajulikana kilichopo, kiachwe chini au kifukuliwe? Wanaotaka kiachwe wana hoja nzito. Kufukua ni kuharibu, na vizazi vijavyo vitakuwa na vipimo tusivyo navyo. Miaka hamsini iliyopita hakuna aliyesoma DNA kutoka mfupa wa kale. Basi, wanasema, jengo linyanyuliwe juu ya nguzo. Nguzo zikichukua asilimia tano ya eneo, watu huona ni kidogo. Lakini asilimia hizo zimetawanywa kama mashimo ya wavu. Zinakata uhusiano wa ukuta na sakafu yake, na atakayechimba baadaye hukuta vipande visivyoungana.

Kikwazo kikubwa zaidi ni maji. Huko Walbrook, katikati ya London, wachimbaji walipata mbao za kuandikia zaidi ya 400 za enzi ya Warumi, moja ikiwa hati ya deni ya tarehe 8 Januari mwaka 57. Nta iliyopakwa juu yake ili kuandikiwa ilishatoweka; mikwaruzo ya kalamu ilibaki kwenye mbao kwa sababu tope lilikuwa limelowa na halipitishi hewa. Kiwango cha maji kikishushwa na vyumba vya chini vya jengo jirani, mti wa namna hiyo huoza bila yeyote kuona. Kwenye udongo wa majimaji usio na vifaa vya kupima maji kwa miaka mingi, naona heri kufukua kwa ukamilifu kuliko kufunika na kuita huko ni kuhifadhi.

Gharama nazo zina pande mbili. England tangu 1990, na Mkataba wa Valletta wa 1992 wa kulinda malikale barani Ulaya, zimeelekeza mzigo kwa mwenye mradi. Kwa mnara wa ofisi ni haki. Kwa familia inayojenga nyumba moja ni adhabu, na hapo mfuko wa umma unapaswa kubeba. Tena mwenye mradi huelekea kuchagua wachimbaji wa bei ya chini, na kinachokatwa mara nyingi ni kazi ya baadaye: kuosha, kukausha mbao polepole, kuandika ripoti, kupata ghala. Hayo yalipiwe ndani ya bei ya awali.

Na mkataba wa ujenzi uwe na kifungu kinachoongeza siku bila faini pindi malikale yanapoonekana, vibarua wakiendelea kulipwa. Pasipo kifungu hicho, msimamizi anayeuona ukuta jioni ana kila sababu ya kuufunika kwa zege kabla hakujapambazuka.