Sungura wa Sentimita Nane Havai Kitenge

Nalirudia hili kwa kuwa wapo walioanza kuninunia: sungura wa sentimita nane havai kitenge. Hasa kama umeshatuambia kwamba ni mhusika wa kitabu.

Nazungumzia ile midoli ya wanyama wenye manyoya mafupi yaliyogandishwa mwilini, Sylvanian Families, ambayo kampuni ya Epoch ya Japani ilianza kuitoa mwaka 1985. Dar wanaoikusanya si wengi. Wengine huletewa na ndugu wakitoka safari, wengine tunachakura kwenye mafungu ya midoli ya mtumba, na wanyama wa huko kwenye mafungu mara nyingi wako uchi. Wenzetu wa nje huwashonea nguo za wahusika wa hadithi zao. Tukaiga, vizuri tu. Kisha kitenge kikaingia, na ukiuliza kwa nini unajibiwa, "Ili wajue ni wa Bongo."

Tuanze na hesabu, maana haina ubishi. Mtu wa kimo cha sentimita 160 ukimlinganisha na mdoli wa sentimita 8, kila kitu kinapungua mara 20. Ua la kitenge lenye upana wa kiganja likimkalia sungura linammeza kifua chote. Unachokiona ni doa la rangi ya chungwa na robo ya jani. Ukitaka maua, tafuta kitambaa chenye vijiua vya milimita mbili tatu. Kariakoo vipo, ulizia vitambaa vya magauni ya vichanga. Kanga nayo haikatiki. Kanga ina pindo, mji na jina, na ukikata kipande humo unaondoka na mji mtupu. Mimi huichora upya juu ya melimeli nyeupe kwa kalamu ya wino usiofutika: sentimita saba na nusu kwa tano na nusu, pindo kwanza, mji baadaye, na mahali pa jina naweka mstari wa vinukta. Wanaodai lisomeke waje waandike wao.

Lakini hesabu ni nusu ya ugomvi wangu. Nusu nyingine ni kwamba vazi la mhusika linatakiwa kusema ni nani, na kitenge kinasema tu anatoka wapi. Beatrix Potter wa Uingereza alilielewa hilo mapema. Sungura wake Peter, aliyetoka kitabuni mwaka 1902, alipewa koti la bluu na viatu, na mwaka uliofuata mwenyewe akasajili mdoli wake. Sasa fuatilia hadithi: viatu vikishapotea, Peter anaanza kukimbia kwa miguu minne, na koti likinasa kwenye wavu anatoka humo sungura kamili. Nguo ndiyo iliyokuwa imemsimamisha wima. Ukimshonea Peter koti la kijani umeshamkosa, hata kama mshono wako hauna kasoro.

Sasa twende kwetu. Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja aliyeletwa na Muhammed Said Abdulla katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, ana kiko. Kiko hicho ndicho koti lake la bluu. Yaliyobaki nimeyaamua kwa kuifuata Unguja ya wakati ule: kanzu, kofia, koti jeusi juu. Rafiki zangu wote walitaka awe sungura, eti kwa sababu ya ujanja. Nikakataa. Sungura wa ngano hudanganya ili ale. Bwana Msa anakaa, anatazama, anasubiri. Nikamfanya paka. Na kusema kweli paka ana faida nyingine: masikio yake yako pembeni, kofia inakaa katikati bila kutobolewa. Jaribu kumvika sungura kofia uone.

Kanzu yenyewe ina mitihani yake. Midoli hii ina vichwa vipana kuliko mabega, kwa hiyo usishone kanzu ya kupitishia kichwani; haitapita. Pasua mgongo wote, na huo mpasuo ndio utakaoutoa mkia. Usifunge kwa velkro, upande wake wa vikulabu unanyofoa manyoya. Kitanzi cha uzi na ushanga mmoja mdogo vinatosha. Pindo ndilo gumu zaidi. Ukikunja milimita tatu tu, kwa mwili ule ni sawa na mtu kuvaa kanzu yenye mkunjo wa sentimita sita, inasimama kama kengele. Mimi sikunji. Nachukua gundi nyeupe ya maseremala, naizimua kwa maji kidogo, napaka ukingoni kwa ncha ya kijiti, naacha ikauke, halafu nakata. Nyuzi hazitoki tena.

Fundi mmoja wa cherehani barazani Kariakoo, ambaye huniachia vipande vyake, aliishika ile kanzu akaigeuza.

"Dada, hii ya kichanga?"

"Ya paka, fundi."

"Paka wako anaswali?"

Kiko nilikichonga kwa kijiti cha meno. Ukiwa na mtoto mdogo nyumbani usikiache mezani. Mwaka 2023 nchini Marekani vichupa na chuchu bandia vya midoli hii viliondolewa sokoni baada ya watoto wawili kufa, na kiko changu ni kidogo kuliko hivyo.

Kwa sasa niko kwa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani, na Adili anawachapa kila usiku huku moyo ukimuuma. Wavae nini? Wapo wanaosema wasivae kitu, kwa kuwa wameshakuwa wanyama. Sikubaliani. Adili hakuacha kuwaona ndugu zake, na mtazamaji naye inabidi awaone. Nimewakatia majoho ya kitambaa kizuri, kizuri kupita cha Bwana Msa, kisha nikayachana mgongoni. Hapa gundi haigusi ukingo hata kidogo. Nataka nyuzi zitoke, na zizidi kutoka kila wanaposhikwa.

Tatizo ni manyani wenyewe. Niliyempata ni tumbili wa Kijapani zaidi kuliko nyani wa Mikumi, lakini uso wake una kinyongo cha kutosha, kwa hiyo amekuwa Hasidi. Joho la Mwivu limeshakamilika, mwenyewe hayupo. Mwenye nyani wa kimo hicho hicho aniambie bei, hata kama mkono mmoja umevunjika.