Romania walifuta uchaguzi, Moldova wakaifuata hela

Hii ishu ya Romania bado inanisumbua. Novemba 24, 2024 watu wanapiga kura ya rais, anaibuka jamaa anaitwa Călin Georgescu, hata hakuwa kwenye wale wanaotajwatajwa, anaongoza raundi ya kwanza kwa karibu asilimia 23, na kwenye matumizi ya kampeni kajaza sifuri. Sifuri! Huku kwetu hata anayegombea uenyekiti wa kitongoji ananunua soda.

Desemba 4 rais wa wakati huo, Klaus Iohannis, akaachia ripoti za usalama zinazoshuku mkono wa Urusi, akaunti kama 25,000 za TikTok zimechangamka ghafla wiki mbili kabla ya kura, zote zinampigia debe huyohuyo. Siku mbili mbele Mahakama ya Katiba ikafuta uchaguzi mzima, na Waromania walioko nje washaanza kupiga kura ya raundi ya pili, wakati mahakama hiyohiyo Desemba 2 ilishapitisha matokeo ya raundi ya kwanza.

Wanaotetea wana hoja, nakubali. Mtu akishaapishwa kumtoa ni kazi, na usalama hawawezi kumwaga kila kitu hadharani wakachoma watu wao. Ila sasa ripoti zenyewe hazikuwa na risiti inayoishia Moscow, zilisema tu mbinu zinafanana na za Warusi. Halafu waandishi wa Snoop, tovuti ya habari za uchunguzi ya Romania, wakaja kuripoti kwamba kampeni moja ya TikTok iliyombeba ililipiwa na PNL, chama alichotokea Iohannis mwenyewe!! Kenya 2017 uchaguzi ulipofutwa angalau kulikuwa na fomu za matokeo na seva za tume, watu wanadai zifunguliwe. Algoriti, ule mfumo wa TikTok unaoamua uone video gani, utamdai nani?

Jirani yao Moldova mwaka huohuo walienda kivingine, walifuatilia hela za Urusi za kununua kura. Aprili, uwanja wa ndege wa Chișinău, abiria zaidi ya mia wanatoka Moscow kwa kuzungukia nchi nyingine, kila mmoja ana bunda la noti chini ya euro 10,000 ili asilazimike kulitaja forodhani, usiku mmoja zikakamatwa zaidi ya dola milioni 1. Oktoba polisi wakasema Septemba peke yake zimeingia dola milioni 15 kwa watu zaidi ya 130,000. Hiyo hata bibi anaielewa, hela ile pale mezani.

Lakini usidhani ni dawa. Kura ya maoni ya kuweka lengo la kujiunga na Umoja wa Ulaya kwenye katiba ya Moldova ilipita kwa asilimia 50.35, ukucha tu, kwa hiyo aliyetaka kungoja ushahidi kamili alikuwa anacheza na nchi. Mi bado nachagua njia ya Moldova, maana Romania walimzuia Georgescu kugombea tena, Mei 2025 wafuasi wake wengi wakahamia kwa George Simion, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kizalendo, akazoa asilimia 41 raundi ya kwanza. Nicușor Dan, aliyekuwa meya wa Bucharest, akamshinda raundi ya pili kwa karibu 54, na wapo wanaosema basi kufuta kulisaidia. Sawa, ila waliompa Simion kura bado wako palepale, na hadi wanapiga kura hiyo risiti ya Moscow hawakuwa wameonyeshwa.