Kujitolea kwa Lazima

Hapa kwetu Nyalenda, Kisumu, kujitolea ni lazima. Usicheke. Jumamosi, saa moja kasoro, mlango unapigwa kama umekopa pesa za watu. "Baba Mercy! Toka na jembe, tukatengeneze njia!"

Aliyeniandikisha ni Mama Mercy. Nimelala zangu, kumbe yeye yuko kwenye mkutano wa mtaa ananiinulia mkono. Asiyetokea, faini mia mbili. Nikamuuliza jakom, yaani mwenyekiti wetu wa mtaa, huku ni kujitolea gani kwenye faini? Akasema, "Omera, hiari ipo. Chagua jembe au mia mbili." Nikachukua jembe.

Sasa kuna jambo sikuwaambia. Mimi ni fundi viatu, na lile tope ndilo linalonilisha.

Wewe unaijua njia yetu, ile ya kuteremka kutoka Ring Road kuelekea mto Auji. Udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza simu, mvua ikinyesha unavimba na kunata kama ugali mbichi. Kuanzia Machi hadi Mei mguu unatoka, kiatu kinabaki. Kikifukuliwa kinaletwa kwangu, soli imefungua mdomo. Aprili mimi huwa mtu mkubwa. Karo ya muhula wa pili hutoka humo humo topeni. Halafu naitwa nikaiue Aprili kwa mikono yangu!

Nikajipa moyo kwamba haitadumu. Mara ya mwisho tulimwaga lori zima la maramu juu ya tope, likazama kama sukari kwenye uji. Bahati mbaya safari hii akaja kijana mmoja anayejua kazi. Akatuambia adui si tope, adui ni maji. Mtaro kwanza, pande zote mbili, na katikati ya njia painuke kama mgongo wa kobe.

Baada ya hapo, magunia. Ni mbinu ya Wajapani, wanaiita do-nou. Unajaza udongo kwenye gunia, lakini kwa kipimo: idadi ile ile ya ndoo kwa kila gunia, la sivyo njia inakuwa na matuta kama godoro la hosteli. Unafunga mdomo, unayapanga kama matofali, kisha unashindilia na gogo mpaka gunia lililokuwa limevimba linalala bapa, gumu, halisogei. Juu ndipo unaweka maramu, maana jua likilipata gunia linachakaa. Nilishindilia mpaka mabega yakaomba talaka. Na kwa vile mimi ni mtu wa uzi, nikapewa kufunga midomo ya magunia yote. Nikafunga vizuri! Mkono wa fundi haujui kufanya hujuma, hilo ndilo tatizo langu.

Wengine je? Mzee mmoja alikuja na kigoda, akatuelekeza mpaka saa sita bila kugusa beleshi. Kijana mwingine na gambuti zake mpya alipigwa picha ameshika toroli tupu, hatukumwona tena. Na maramu haijakaa hata saa moja, mwanaboda akapita juu na abiria wawili. Eti alikuwa anaijaribu kama imeshika.

Jua lilipokuwa kali nilikuwa nimebakiwa na kipande changu cha mtaro, huku chini karibu na kibanda changu. Hatua nne tu zifike kwenye mfereji mkubwa. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikaegemeza jembe, nikaenda kula omena.

Jumanne usiku ikanyesha ile mvua ya kutoka ziwani, ya radi. Asubuhi watu wanapita wakavu. Dada mmoja ana raba nyeupe, nyeupe pe! Mtaro umefanya kazi yake, umekusanya maji ya mtaa wote na kuyaleta mpaka nilipoachia mimi. Yalipokosa njia yakaingia kwangu.

Nilikuta viatu vya wateja vinaelea, vimepanga foleni kuelekea Auji. Vya kulia niliviokoa karibu vyote. Vya kushoto, sijui. Mwalimu mmoja tayari ameniuliza mara mbili kama chake kiko tayari, nimemwambia gundi haijakauka.

Nimetoka kwa jakom sasa hivi. Jumamosi tunachimba huku chini, saa kumi na mbili, si saa moja. Na faini nimependekeza iwe mia tano.