Lokichar ilichangamka na kutafuta mafuta, sio na mafuta yenyewe

Tangu Tullow, kampuni ya mafuta ya Uingereza, iuzie Gulf Energy ya Kenya mali yake yote ya hapa nchini mwaka 2025 ile stori ya mafuta ya Turkana imefufuka tena, na watu wamerudi kwa mabishano yaleyale. Kuna wanaosema mafuta yaliharibu Lokichar, mji mdogo wa huko Turkana, na kuna wanaosema bila mafuta nani angejua kuna pahali panaitwa Lokichar. Mi naona wote wanabishana juu ya pesa ya mafuta ambayo hata haijawahi kuingia vya maana.

Kabla ya 2012 Lokichar ilikuwa senta ya kawaida tu kwa barabara ya Kitale kwenda Lodwar, dereva anasimama anakunywa chai anaendelea. Halafu tarehe 26 Machi 2012 Rais Kibaki akatangaza kwamba Tullow imepata mafuta kwa kisima cha Ngamia-1, na pipa wakati huo lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100, basi kila mtu akakimbia huko. Loji zikajengwa, baa zikafunguliwa, plot zikapanda bei, wafanyabiashara wakashuka kutoka Kitale na Eldoret, na mwenye Land Cruiser ya kukodisha alikuwa amejipata. Kampuni ilitaka magari, chakula, maji, walinzi, vijana wa kusimama barabarani kuongoza magari, na hizo zote zilikuwa kazi na tenda. Oktoba 2013 wenyeji wakavamia eneo la kisima cha Twiga wakidai kazi nyingi zinapewa watu wa kutoka nje, kampuni ikafunga kazi kwa muda ndio mazungumzo yafanyike. Watu wakipigania kitu hivyo ujue kuna pesa.

Lakini cheki vizuri ni pesa gani. Hakuna hata tone lilikuwa limeuzwa! Hiyo ilikuwa pesa ya wawekezaji wa nje inayotumika kutafuta, na pesa ya kutafuta inafuata bei ya dunia. Katikati ya 2014 bei ikaanza kuanguka, kufika Januari 2016 pipa lilikuwa limeshuka chini ya dola 30, rigi, ile mitambo ya kuchimba visima, zikapungua, wageni wakaenda, na aliyekuwa amechukua loni kujenga vyumba akabaki navyo.

Wanaolaumu mafuta wana hoja nzito, siwezi kukataa. Ardhi ya malisho ilizungushiwa fensi wakati wafugaji bado wanategemea kuhama na mifugo, na vijana waliozoea mshahara wa ulinzi hawakuwa na pa kurudi kandarasi ilipoisha. Takwimu za serikali za 2015/16 ziliweka Turkana juu kabisa kwa umaskini nchini, karibu watu 8 kwa kila 10, na hiyo ni miaka mitatu minne baada ya Ngamia. Kitu kingine watu husahau, hiyo Ngamia yenyewe haiko Lokichar mjini, iko upande wa Nakukulas, Turkana Mashariki. Kwa hivyo Lokichar ikapata jina na loji, Nakukulas ikapata vumbi la malori. Ukisema "jamii ilifaidika" lazima uulizwe jamii gani.

Wanaotetea nao hukimbilia barabara. Ile njia ya Lokichar kwenda Lodwar ilikuwa mateso kweli, sasa kuna lami. Sawa, lakini huo ni mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia wa kuunganisha Kenya na Sudan Kusini, shabaha ilikuwa biashara ya Juba. Mafuta yaliongeza haraka pengine, ila kuyapa sifa yote ni kuongeza chumvi. Hoja yao nyingine naikubali zaidi, kwamba biashara zilizaliwa na watu wa Turkana wakajifunza kuomba tenda na kudai haki yao, hiyo haikuwepo hivyo kabla ya 2012.

Sasa tupige hesabu ya mafuta yenyewe. Juni 2018 Uhuru alizindua malori ya kupeleka mafuta Mombasa, na hata mwezi haukuisha wakazi wakayazuia kwa sababu ya wizi wa mifugo na usalama, hadi Agosti ndio yakarudi barabarani. Na mafuta ya huko yana nta, yakipoa yanaganda kama yale mafuta ya kupikia ya Kimbo, so lazima yabebwe kwa matangi yanayotunza joto, zaidi ya kilomita elfu moja. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa kama 200,000, kama dola milioni 12. Sheria ya mafuta ya 2019 inaipa jamii asilimia 5 ya mgao wa serikali. Hata ukichukua asilimia 5 ya hiyo milioni 12 yote bila kukata gharama yoyote ni dola laki sita, yaani kelele zote kati ya Nanok, gavana wa Turkana wakati huo, na serikali ya Nairobi, kama jamii ipewe asilimia 10 au 5, zilikuwa za kitu ambacho hadi leo hakijafika. 2023 Total na Africa Oil, waliokuwa washirika wa Tullow, wakajitoa, na bomba la kwenda Lamu, karibu kilomita 820, limebaki kwa karatasi.

Ndio maana hii raundi mpya mi naiangalia kwa jicho lingine. Swali la "mafuta yatasaidia ama yataharibu" liko mbali kidogo, la karibu ni miaka ya kuchimba visima na kujenga, hapo ndipo magari, vyumba na chakula hutafutwa. Kazi ya ujenzi ikiisha, kuyatoa tu mafuta chini kunahitaji watu wachache, na wengi wa hao hulala kambini wala hawalali mjini. Mwenye plot Lokichar anayefikiria kuongeza ghorofa sahii aulize kwanza kandarasi ni ya miezi mingapi, na alipwe kabla rigi hazijaondoka.